Shuka la Baba Lilipokauka

Mtu ambaye mkojo wake umeziba, anawezaje kuamka amelowa?

Ndugu zangu, Bwana apewe sifa! Nawasalimu nyie wa Kasansa mnaonijua, na nyie mtakaosoma haya mkiwa mbali na hamnijui. Nimeanza na swali hilo kwa sababu ndilo lililonisumbua, na mtu angeniuliza wakati ule nisingekuwa na jibu. Nilisimama kanisani kutoa ushuhuda huu kwa mdomo nikachanganya mambo, nikaruka huku na kule, mpaka Mchungaji akasema, "Minza, kaa chini mama, ukauandike." Ndiyo nauandika. Msitegemee kwamba nikiandika nitakuwa nimeelewa kila kitu. Kuna sehemu mpaka leo sizielewi, na sitajifanya.

Mimi ni binti wa Mzee Maduhu. Nimesoma kemia chuo kikuu, nikarudi nyumbani kusubiri ajira kama wenzangu wengi. Wengi wenu mnanijua kama yule anayeuliza maswali kwenye mafundisho ya Biblia mpaka watu wanaanza kutazama saa. Ni kweli. Sikuzaliwa na moyo wa kuamini upesi. Baba yangu ndiye aliyezaliwa nao. Alihama kutoka Usukumani na ng'ombe zake akiwa kijana, akafika huku Mpimbwe, akaokoka, na tangu hapo kwake Mungu ni kama jua: haulizi kama litachomoza.

Sasa nisikilizeni maisha yalivyokuwa.

Baba alianza kubadilika nikiwa bado chuo. Niliporudi nikakuta mzee ambaye kila mara anaondoka kwenye mazungumzo, anakwenda nyuma ya zizi, anasimama huko muda mrefu. Ukipita mbali unamwona mgongo tu, mkono mmoja umeshika mti wa zizi, kichwa kimeinama. Nikamuuliza mama, "Baba anafanya nini kule?" Mama akasema, "Anahesabu ndama." Ndama walikuwa machungani.

Halafu kulikuwa na kigoda. Baba aliacha kukaa kwenye viti vya watu. Kanisani alikuja na kigoda chake kilichofunikwa ngozi, akakaa pembeni karibu na mlango. Waumini wakasema, mwoneni mzee wetu alivyo mnyenyekevu. Hata mimi niliamini hivyo, mpaka asubuhi moja nilipoamka mapema kuliko kawaida nikamkuta mama anaanika shuka na ngozi ya kulalia, na harufu haikuhitaji digrii kuitambua.

Mama akanitazama. Akasema taratibu, "Ng'wanawane, mwanangu, hukuona kitu."

Ndugu zangu, mnajua kwetu. Binti haulizi habari za chini ya kiuno cha baba yake. Hata mke anauliza kwa kuzunguka zunguka. Mwana wa kiume angeweza labda, lakini sisi tuliobaki nyumbani ni wasichana, na kaka zangu wako mbali na mifugo yao. Kwa hiyo sote tulijua na hakuna aliyejua. Tulikula chakula pamoja, tukaomba pamoja, na jambo lile likakaa katikati yetu kama mgeni ambaye hajakaribishwa kiti.

Mama alimpeleka zahanati kwa kisingizio cha malaria, wakampima sukari. Haikuwepo. Basi, kila mtu akatengeneza maelezo yake. Mama akasema ni uzee. Shangazi akasema ni pepo wa aibu, ametumwa kumnyamazisha mzee wa kanisa. Mimi, msomi, nilitengeneza maelezo yangu ambayo niliyaona safi kuliko yote: anavuja, kwa hiyo bomba limelegea. Bomba lililoziba halivuji! Nilimwambia mama ampunguzie maji na chai jioni. Mama akampunguzia. Kidogo ikawa nafuu, nami nikajiona nimekaribia ukweli.

Ndipo ukaja mfungo.

Kanisa letu likatangaza mfungo mkavu wa kuombea wagonjwa. Msioijua habari hii, mfungo mkavu ni bila chakula na bila maji, hata tone. Baba aliingia kwa moyo wake wote. Mama alimnong'oneza mke wa Mchungaji shida ya baba ili iombewe bila kutajwa jina, na kanisa zima likaombea "ndugu mmoja mwenye kulowa." Nadhani kanisa zima lilijua ni nani. Kigoda kile kilikuwa kimeshasema.

Na shuka likakauka!

Ndiyo, ndugu zangu! Mfungo ulipokuwa unaendelea, mama aliamka akapapasa kitanda, kikavu. Siku iliyofuata, kikavu. Akatoka nje akapiga vigelegele mpaka kuku wakatawanyika. Mama alilia. Alikuwa amefua shuka zile kabla ya alfajiri kwa muda ambao hajawahi kuniambia ni mrefu kiasi gani. Ningemwambia nini? Mchungaji akatangaza ibada ya shukrani Jumapili, na baba akatoa beberu.

Lakini mimi sikulala vizuri. Nikamfuata Mchungaji akiwa anafunga baiskeli yake, nikamwambia, "Shikamoo Mchungaji. Mtu asipokunywa maji, atalowa na nini?"

Akacheka. "Marahaba. Minza, wewe Petro angekuwa anatembea juu ya maji, ungekwenda na kamba kupima kina."

"Ningependa kujua kina, Mchungaji."

"Najua, mwanangu. Na mimi ningependa kukuona umefurahi siku moja tu bila kupima."

Neno lile lilinichoma, maana alilisema bila ubaya. Nikajiuliza, je, kama ni kweli? Je, kama Mungu ameponya na mimi nimesimama hapa nauliza habari za maji? Sikuwa na upande. Kichwa kikisema hivi, nikimwona mama anatabasamu nasema vile. Mfungo ukaisha, lakini baba, kwa furaha ya kukauka, akaendelea kunywa kidogo sana. Alikuwa anaogopa kuuharibu muujiza.

Jumapili ya shukrani ndiyo siku aliyofika Mzee Gaudensi.

Huyu nimweleze. Mzee Gaudensi ni Mfipa, Mkatoliki wa Karema, analeta huku dagaa na samaki wakavu wa migebuka kutoka ziwani. Ni mtani wa baba. Na nyie mnajua mtani alivyo: anaweza kukwambia kitu ambacho mkeo hawezi, mwanao hawezi, mchungaji wako hawezi, na huruhusiwi kukasirika. Ukikasirika umeshindwa. Wazee hawa wawili walikuwa wanatukanana tangu sijazaliwa, na sijawahi kuona watu wanaopendana kama wao.

Alituvamia tukiwa nje tunakula baada ya ibada.

"Hodi kwa wachunga ng'ombe! Nasikia mnachinja beberu bila kumwita mwenye akili?"

Baba akajibu, "Karibu, Mfipa. Umekuja na gari au umepanda ungo wenu?"

"Ungo umeharibika, nimekuja kuomba ngozi ya ng'ombe nikatengenezee. Lakini wewe, mbona umenenepa tumbo na uso umekonda? Umebeba mimba?"

Watu wakacheka. Baba naye akacheka, lakini nilimwona anashika ukingo wa meza. Mzee Gaudensi akamkaribia akamwambia, "Hebu niione hiyo mimba ni ya mtoto au ya ndama," akampiga kofi dogo la utani chini ya kitovu.

Baba yangu, ambaye ng'ombe dume aliwahi kumvunja mbavu asitoe sauti, alipiga kelele.

Mzee Gaudensi akautazama mkono wake kama vile umegusa moto. Kisha, na hili asingelifanya mtu mwingine yeyote pale, akauweka tena polepole juu ya tumbo la baba mbele ya kanisa zima. Akasema, "Maduhu, hapa pagumu kama ngoma. Lini umekojoa?"

Ndugu zangu! Swali ambalo nyumba nzima ilishindwa kuliuliza kwa miaka, mtani aliliuliza mbele ya walaji wa beberu na wapishi na watoto. Hakuna aliyecheka. Baba alitazama chini akasema, "Jana. Kidogo. Matone."

"Amefunga mpaka mkojo huyu," Mzee Gaudensi akasema, lakini sauti haikuwa ya utani tena. Alimshika mkono akaingia naye ndani. Walipotoka akamwambia mama, "Shemeji, miguu yake imevimba na ana kwikwi. Tafuta gari. Tunakwenda Mpanda sasa hivi."

Mchungaji alisimama na sahani mkononi. Sitasahau uso wake. Hakubisha hata neno. Aliweka sahani chini akakimbia mwenyewe kwa mfanyabiashara wa mpunga kuomba pikapu.

Njia ya kutoka kwetu kwenda Mpanda mnaijua, inapita ndani ya hifadhi. Barabara ina matuta yasiyohesabika na mbung'o wanaingia dirishani. Kila gari liliporuka, baba alifumba macho. Akaomba tusimame ashuke ajaribu. Dereva akasema, "Mzee wangu, hapa haturuhusiwi kushuka, na hata tungeruhusiwa, simba hawana likizo." Tulipofika mahali pa wazi dereva akamhurumia, akasimama. Baba akasimama nyuma ya pikapu ameshikwa na mtani wake. Tukasubiri. Viboko walikuwa wanaguna mtoni. Hakikutoka kitu. Mzee Gaudensi akasema, "Msukuma hata mkojo ni bahili," na baba akajaribu kucheka akatapika.

Hapo niliomba. Nilisema, "Mungu, sijui kama ulimponya tukaharibu sisi, au hukumponya tukasema umemponya. Sijui. Lakini asife kwenye barabara hii." Ndiyo sala yangu yote. Haikuwa na amina.

Tukafika hospitali.

Sijui niseme nini kuhusu mpira waliomwekea baba. Ni mrija mwembamba wa mpira unaopitishwa njia ya mkojo mpaka ndani ya kibofu. Mimi nilikuwa nje ya pazia, nilisikia tu. Nilisikia baba akisema "Aaah, Yesu," kwa namna ambayo sijawahi kumsikia kwenye ibada yoyote. Mfuko ukajaa, ukamwagwa, ukajaa tena. Muuguzi akatoka akasema, "Mzee alikuwa amebeba ndoo."

Daktari alikuwa kijana, karibu wa rika langu, mwenye macho ya mtu asiyelala. Nikamuuliza swali langu hapo hapo kwenye korido. Mtu aliyeziba, anawezaje kulowa?

Akaniambia, "Ukiweka debe chini ya bomba na debe halina tundu, likijaa litafanyaje?"

"Litamwagika."

"Basi. Baba yako hakuwa anavuja kwa sababu amelegea. Alikuwa amejaa. Kilichokuwa kinalowesha kitanda ni kile kilichozidi. Mlangoni kuna tezi dume, imekua imebana njia."

Bomba langu safi, nadharia yangu yote, ilikuwa kinyume! Na kukauka kwa shuka je? Daktari akauliza kama mzee alikuwa anakunywa maji. Nikamweleza habari ya mfungo. Akasema figo zilikuwa zimeanza kuelemewa, mkojo unazirudia nyuma. Kisha akaagiza baba anyweshwe maji na kuongezewa dripu, maana kibofu kikifunguliwa figo humwaga maji mengi mno, na mtu anaweza kukauka kabisa. Kwa hiyo aliyekuwa amejaa mkojo alihitaji maji. Mnaniona? Kila nilipogeuka, mambo yalikuwa yamesimama kwa kichwa.

Kesho yake daktari alikuja kumweleza baba mwenyewe. Nami nilisimama mlangoni, nimegeuza uso kwa heshima, nimeacha masikio.

"Mzee, unalima na nini?"

"Maksai."

"Maksai wakivuta plau, plau ikanasa kwenye kisiki, wanafanyaje?"

"Wanavuta zaidi," baba akasema. "Aliye mzuri atavuta mpaka shingo inenepe. Mvivu anasimama, unajua kuna kisiki. Aliye mzuri hakwambii."

"Sasa kibofu chako ni maksai mzuri. Ukuta wake ni msuli, lakini si kama wa mkono. Huu ni msuli laini, huuamrishi, unafanya kazi wenyewe. Mlango ulipobanwa, msuli ukanenepa, ukasukuma kwa nguvu, miaka. Wewe ukaona mkojo unatoka, hata kama ni kwa kusimama muda mrefu, ukasema mambo si mabaya. Lakini msuli ukivuta hivyo muda mrefu, nyuzi ngumu kama za kovu zinaota katikati yake. Unakuwa mnene lakini si imara. Mwisho unatanuka, unachoka, unalala."

Baba akafikiri. "Tukikata kisiki?"

"Tutakikata, figo zikitulia. Lakini maksai aliyelala, mzee, unamjua wewe kuliko mimi."

"Haamki siku hiyo hiyo," baba akasema. Kisha kwa sauti ndogo, "Wengine hawaamki."

Ndugu zangu, hilo lilinikosesha amani kuliko yote. Nguvu ndiyo iliyomficha ugonjwa! Nilikuwa nimezoea kufikiri kwamba udhaifu ndio unaoua. Kumbe kitu kinaweza kuzidi kuwa na nguvu kwa miaka, na nguvu hizo zenyewe ndizo njia ya kuharibika. Nilimtazama mama aliyelala sakafuni chini ya kitanda, yule aliyefua shuka bila kusema, nikawaza mambo ambayo sitayaandika hapa.

Upasuaji ulifanyika, ukaenda vizuri. Kisiki kikakatwa. Tukaimba! Mchungaji alikuja kwa basi, tukamshukuru Mungu wodini mpaka tukaambiwa tupunguze sauti. Siku ya kutoa mpira ilipofika, wote tulisubiri. Baba akanywa maji, akaenda, akasimama. Akarudi. Akanywa, akaenda. Jioni tumbo likajaa tena, wakamrudishia mpira.

Mlango ulikuwa wazi, na mkojo hautoki. Njia nyeupe, lakini hakuna wa kusukuma.

Hapo ndipo maneno yalipoanza. Shangazi akasema imani yetu ina tundu. Mgonjwa mmoja akasema madaktari wamekata mshipa. Nami nikamwendea daktari kwa hasira, "Ulisema kisiki!" Akasema, "Nilisema pia maksai. Tumpumzishe. Mpira ukikaa, kibofu hakijai, msuli haunyooshwi. Baadhi huamka." Nikamuuliza ni baadhi ipi. Akasema hawezi kujua kwa baba. Angalau hakunidanganya.

Tukarudi Kasansa na mpira na mfuko.

Ninyi mliomwona baba siku zile mnajua. Hakwenda mnadani. Hakwenda kanisani. Alivaa shuka kubwa juu ya suruali ili mfuko usionekane, akakaa ndani. Kuumwaga ilikuwa kazi ya mama, na mama alipougua mgongo, mimi nisingeweza. Si kwamba sikutaka. Baba angekufa kwanza. Basi Mzee Gaudensi akaacha dagaa wake kwa mdogo wake, akaja akakaa kwetu. Asubuhi ungemsikia:

"Amka, tukukamue! Leo lita ngapi? Mmh, ng'ombe wa Kisukuma, maziwa ya njano."

"Toka hapa, mchawi."

"Nikitoka nani atakukamua? Geuka huko."

Tukiwa jikoni tulicheka, na kucheka huko kulitusaidia kuliko dawa. Lakini siku moja nilisikia baba anamwambia, bila utani, "Gaudensi, nikiambiwa ni hivi mpaka mwisho, nitauvuta huu mpira kwa mkono wangu." Mpira ule una puto ndani linaloushikilia. Ukiuvuta kwa nguvu unachana kila kitu. Mzee Gaudensi akasema, "Ukiuvuta, mazishi yako nitavaa kanga ya mke wako nicheze mbele ya kaburi, na wakwe zako wote wanaona. Unajua nitafanya." Kwa haki ya utani, angefanya. Baba alijua. Hakuuvuta.

Siku ya kutolewa mpira huko Mpanda ikawa Jumapili. Mchungaji akauliza kanisa tuombe vipi. Wazee wakasema mfungo mkavu. Mchungaji akasimama, na ninamheshimu kwa hili kuliko kwa mahubiri yake yote, akasema, "Hapana. Ndugu yetu leo ameambiwa anywe maji. Nasi tutaomba tukinywa naye." Nasikia walipita na ndoo na vikombe, kila mtu akanywa, wakaomba. Mimi sikuwepo, nilikuwa kwenye korido ya hospitali. Lakini nilipoambiwa baadaye, nililia kabla sijajua kwa nini.

Mpira ukatolewa asubuhi. Baba akanywa. Tukakaa kwenye benchi, mimi na mama. Mama alishika Biblia hajaifungua. Baba akaenda chooni, mtani wake akamfuata. Akarudi, akatikisa kichwa. Akanywa tena. Jirani yake wa benchi, mzee kutoka Sibwesa aliyefanyiwa upasuaji kama wa baba na kutolewa mpira siku hiyo hiyo, naye alikuwa anakunywa na mke wake anasali rozari.

Baba akaenda tena. Safari hii walikawia. Sikuwa naomba. Nilikuwa nasikiliza tu, na kwa kweli sijui kama kusikiliza namna ile si kuomba.

Kisha sauti ya Mzee Gaudensi ikavunja hospitali: "Anatoa! Mama Minza! Maksai ameamka!"

Mama alipiga vigelegele katikati ya korido. Muuguzi akatoka kutukaripia, akaambiwa kinachosherehekewa, akarudi ndani anacheka. Baba alitoka chooni akiwa ameshikilia ukuta, machozi yanatiririka, anasema "Wabeja, Bwana, wabeja." Asante, asante. Ndugu zangu, alikojoa! Mnasikia neno dogo hilo? Mtoto mchanga analifanya bila kufikiri, na sisi tulilisubiri kama mvua. Utukufu kwa Mungu!

Lakini yule mzee wa Sibwesa msuli wake haukuamka. Alirudi nyumbani na mpira. Mke wake aliomba kama mama, labda zaidi. Daktari alikuwa yule yule. Nimeuliza kwa nini. Daktari akasema hajui, pengine kovu lilikuwa limeingia zaidi. Mchungaji akasema hajui. Baba akasema hajui, akaanza kumwombea kila siku kwa jina. Mimi ndiye pekee niliyefikiri kwamba lazima pawe na mtu anayejua.

Basi mkiniuliza nani alimkomboa baba yangu, nitawajibu: mpira, na kisu, na kupumzika, na daktari asiyelala, na kofi la mtani, na kanisa lililokunywa maji. Na Mungu. Sijui anakaa wapi kwenye orodha hiyo, mwanzoni, mwishoni, au ndani ya kila kimoja. Nimeacha kumpangia. Namshukuru bila kuelewa, na kwa mtu kama mimi, huo nao ni ukombozi.

Wazee mnaosimama nyuma ya mazizi, semeni. Kina mama mnaofua kabla hakujakucha, semeni. Mkojo ukikawia, ukikatika katika, ukilowesha kitanda, nendeni hospitali mkapimwe, na tutawaombea mkiwa njiani. Usinyime mwili wako maji ukadhani unamfurahisha Mungu. Na wewe mwenye maswali kama mimi, njoo nayo. Mtumaini Yeye pamoja na maswali yako. Hatakufukuza. Mimi hajanifukuza.

Niliposimama kanisani nilisema baba amepona kabisa. Baadaye sana, nilipomsindikiza kwenye utrasaundi, ndipo nilipojua kwamba kibofu chake hakijawahi kumaliza mkojo wote, hata siku ile ya vigelegele. Kovu lililoota ndani ya msuli haliondoki. Kila akimaliza hubaki kiasi, naye husimama, husubiri, hujaribu tena, na itakuwa hivyo maisha yake yote. Daktari alikuwa amemwambia tangu mwanzo. Nilipokuwa natangaza mbele ya watu kwamba amepona kabisa, baba alikuwa anajua, na ndiye aliyesema amina kwa sauti kubwa kuliko wote.